Nusu ya Jiwe Ibaki Nchini

Imekuwa desturi katika dunia ya mabepari kwamba kampuni ya kutafuta madini ikitoboa mashimo kumi katika ardhi ya nchi maskini, majibu ya mashimo hayo husomwa Toronto, London na Sydney kabla hayajasomwa na serikali ya nchi yenyewe, sembuse na mtendaji wa kijiji ambamo mtambo ulisimama. Hisa hupanda. Watu ambao hawajapata kuikanyaga nchi hiyo hutajirika kwa jina la kilima chake ambacho hata kukitamka hawawezi. Na mwananchi aliyefyeka njia ya kupitisha mtambo hulipwa ujira wa kutwa, kisha akaambiwa ashukuru kwa kuwa maendeleo yamemfikia.

Wapo wasomi, na wengine wao ni wa humu humu nchini, wanaoiona hali hiyo kuwa ya haki kabisa. Hoja yao ni kwamba uchorongaji wa utafiti ni kamari. Shimo moja hula fedha nyingi, na mashimo mengi hutoka patupu. Basi, wanasema, mwenye fedha zake na acheze kamari yake, na serikali ikae kando ingoje mrabaha. Hoja hii ina sura ya busara, na ndiyo maana inawapata watu wengi. Lakini inasahau jambo moja, nalo ndilo kubwa kuliko yote: kinachotoka katika shimo la utafiti si dhahabu wala shaba. Kinachotoka ni habari. Na maadamu habari hiyo imo mikononi mwa mtu mmoja tu, mtu huyo anaweza kusema alitakalo, ama kwa kuikuza mali ili auze hisa, ama kwa kuipunguza ili akwepe kodi.

Ubaya wa jambo hili huonekana wazi zaidi pale ambapo madini yenyewe ni ya hila. Mfano ni dhahabu na shaba zilizomo katika mabomba ya breksia. Neno hilo ni geni, lakini kitu chenyewe si kigumu kueleweka. Chini sana ardhini uji wa miamba iliyoyeyuka hupanda, ukisukuma mbele yake maji ya moto na gesi. Mgandamizo unapozidi nguvu ya miamba iliyo juu, au maji yanapogeuka mvuke kwa ghafula, miamba hiyo hupasuka vipande vyenye ncha kali mithili ya chungu kilichopigwa nyundo. Hubaki kitu kama kisima kilichosimama wima, kimejaa mawe yaliyovunjika. Baadaye maji yenye chumvichumvi za shaba, dhahabu na salfa hupenya kati ya vipande, yakapoa, na kuacha mali yake humo kama saruji inayoshika kokoto. Wananchi wa Shinyanga wanaijua jamaa ya umbile hilo. Bomba la kimbaliti la Mwadui, ambalo Dk. John Williamson aliligundua mwaka 1940, nalo ni koo la volkano ya kale, ingawa mzigo wake ni almasi.

Bomba la breksia linaweza kuwa na upana wa mita mia chache tu, huku kina chake kikizidi kilometa nzima. Juu yake pana msitu, au udongo mwekundu usiosema kitu. Na ndani yake utajiri haukulala sawasawa. Katika machimbo ya Cresson huko Cripple Creek, jimboni Colorado, wachimbaji walifikia mwaka 1914 pango lililopambwa dhahabu kuta zake zote, nao mgodi huo ulikuwa umekwisha kuchimbwa kwa miaka mingi. Huko El Teniente nchini Chile, bomba liitwalo Braden, lenye upana wa zaidi ya kilometa moja, lenyewe ni fukara. Shaba nyingi imelizunguka kwa nje kama pete. Mtu aliyetoboa katikati tu angeondoka akisema hakuna kitu. Mtu aliyetoboa ukingoni angesema mlima wote ni shaba. Wote wawili wangekuwa na mashimo ya kuonyesha.

Kwa kuwa El Teniente imetajwa, inafaa kukumbusha kwamba Wachile hawakuridhika na kungoja mrabaha. Mwaka 1967 walichukua asilimia 51 ya mgodi huo kutoka kwa kampuni ya Kennecott ya Marekani, na tarehe 11 Julai 1971, chini ya Rais Salvador Allende, Bunge lao lilipitisha kwa kauli moja kuitaifisha migodi mikubwa ya shaba. Miaka miwili baadaye utawala wa Allende uliangushwa kwa mtutu wa bunduki, na yeye mwenyewe akafa siku hiyo hiyo. Lakini hata majenerali waliompindua, pamoja na mapenzi yao yote kwa mabepari wa Chicago, hawakuthubutu kuwarudishia Wamarekani migodi hiyo. Shirika la Codelco, lililoundwa 1976, ni mali ya dola ya Chile mpaka leo.

Lakini mfano unaofundisha zaidi haukutokea Chile. Ulitokea Indonesia.

Nchi hiyo ina mabomba ya breksia ya kweli. Mgodi wa Kelian, katika Kalimantan Mashariki, ulitoa dhahabu toka miamba ya namna hiyo kati ya 1992 na 2005. Mgodi wa Grasberg huko Papua, miongoni mwa hazina kubwa mno za dhahabu na shaba duniani, nao una breksia ya koo la volkano ndani yake. Kwa hiyo mwaka 1993, wakati kampuni ndogo ya Calgary iitwayo Bre-X ilipopata haki ya kutafuta dhahabu mahali paitwapo Busang, katika jimbo hilo hilo la Kelian, hakuna aliyecheka. Mkuu wa kampuni alikuwa David Walsh, dalali wa hisa. Mjiolojia wake, John Felderhof, hakuwa mtu wa kubahatisha: jina lake limo katika ugunduzi wa shaba na dhahabu ya Ok Tedi, Papua New Guinea, mwaka 1968. Msimamizi wa kazi msituni alikuwa Michael de Guzman, Mfilipino. Mabwana hao walieleza kwamba Busang ni koo la volkano la kale, na kwamba dhahabu imejaa katika mabega yake. Nadharia ilikuwa nzuri. Mwanafunzi yeyote angeipa alama.

Hapa ni lazima kueleza kazi ya mtambo wenyewe, maana hila yote imelala hapo. Mtambo wa uchorongaji hubeba bomba la chuma lenye mdomo wa almasi. Mdomo huo hukata duara katika mwamba na kuacha katikati fimbo ya jiwe, nene kama kifundo cha mkono au pungufu, ambayo huvutwa juu na kulazwa katika masanduku, mita baada ya mita, kila sanduku likiandikwa namba ya shimo na kina chake. Huo ndio mwamba choronge. Kanuni ya kazi, ambayo kila mjiolojia huijua tangu chuoni, ni kuipasua fimbo hiyo kwa msumeno kwa urefu wake, iwe nusu mbili. Nusu moja husagwa na kupelekwa maabara. Nusu ya pili hubaki katika sanduku lake. Mtu akitilia shaka jibu la maabara mwaka ujao, au miaka ishirini baadaye, atakwenda ghalani, atafungua sanduku, na atalikuta jiwe.

Busang nusu ya pili haikubaki. Fimbo nzima ilisagwa, isipokuwa vipande vifupi vya kuonyesha. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu: kwamba dhahabu ya mahali hapo ni ya chembe kubwa, haikutawanyika sawasawa, na kwa hiyo sampuli lazima iwe kubwa ndipo jibu liwe la haki. Na tazama ujanja wa neno hilo! Ni kweli kabisa kwamba dhahabu ya namna hiyo haitawanyiki sawasawa, na ni kweli kwamba sampuli kubwa ni bora kuliko ndogo. Ukweli wa sayansi ulitumiwa kufukia ushahidi wa wizi. Kati ya mtambo na maabara ya Balikpapan, mifuko ya unga wa mawe ilifunguliwa, ikanyunyiziwa dhahabu, ikafungwa tena.

Makadirio yalipanda kama moto wa nyika. Mwaka 1995 ilisemwa kuna wakia milioni 30. Mwaka 1996 zikawa milioni 60. Mwanzoni mwa 1997 zikafika milioni 71, na Felderhof akanena habari za milioni 200. Hisa ambazo mwanzo ziliuzwa kwa senti zilipita dola 280 za Canada, na kampuni iliyoanza katika chumba cha chini cha nyumba ya Walsh ikahesabiwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 6. Mashimo zaidi ya 200 yalikuwa yametobolewa. Wataalamu wa mabenki walikwenda wakapigwa picha kando ya mitambo, wakarudi na kuandika ripoti za kusifu. Katika umati wote huo wa wenye elimu, hakutokea mtu aliyeuliza kwa ukali: nusu ya pili iko wapi?

Na serikali ya Indonesia, mwenye ardhi? Hapo ndipo aibu ilipo kubwa. Wakubwa wa Jakarta hawakuuliza habari za jiwe. Waliuliza habari za hisa. Mwishoni mwa 1996 waliibana Bre-X itafute mshirika. Kampuni ya Barrick ya Canada, yenye rais mstaafu wa Marekani na waziri mkuu mstaafu wa Canada katika baraza lake la ushauri, ikajaribu kuingia kwa kushirikiana na kampuni za binti wa Rais Suharto. Bre-X nayo ikamwendea mwana mwingine wa Rais. Mwishowe, Februari 1997, karamu iligawanywa: Bre-X asilimia 45, kampuni ya Freeport ya Marekani asilimia 15, na asilimia 40 zilizobaki zikaenda upande wa Indonesia, sehemu ndogo kwa serikali na sehemu kubwa kwa kampuni zilizokuwa mkononi mwa Bob Hasan, rafiki wa Rais. Familia ya mtawala, marafiki zake, mabeberu wa Kanada na mabeberu wa Marekani, wote walikuwa wakigombea sahani isiyo na chakula. Vibaraka waliodhani wanawauza wananchi wao kwa bei nzuri walikuwa wameuziwa wao.

Freeport, kwa kuwa ilikuwa inatoa fedha zake, ilifanya lile ambalo serikali ingelifanya miaka mitatu kabla. Ilitoboa mashimo saba, karibu kabisa na mashimo ya Bre-X. Tarehe 19 Machi 1997 de Guzman, akiwa njiani kwenda Busang kukabili maswali, alianguka kutoka katika helikopta juu ya msitu. Wiki moja baadaye Freeport ilitangaza kwamba haikuona dhahabu ya maana. Mwezi Mei wakaguzi wa kujitegemea wa kampuni ya Strathcona wakamaliza kazi: hakuna dhahabu, na sampuli zilichezewa kwa kiasi ambacho wao hawajapata kukisikia katika historia ya uchimbaji popote duniani. Chembe zilizopatikana katika mifuko ya zamani, zilipotazamwa kwa darubini, zilikuwa zimeviringika kama kokoto zilizoburutwa na maji.

Zilikuwa dhahabu ya mtoni. Wenyeji wa Kalimantan huchekecha mchanga wa mito yao kwa sinia za mbao, siku nzima kiuno majini, kwa chembe chache. Na dhahabu ya namna hiyo ndiyo iliyonunuliwa kwao na kunyunyizwa katika unga wa mawe. Katika habari yote ya Busang, pamoja na mabilioni yake na marais wake, dhahabu pekee iliyokuwa ya kweli ni ile iliyotoka katika mikono ya wavuja jasho hao. Wao walilipwa bei ya gramu. Waliowazunguka walilipwa bei ya ndoto.

Waliolia mwishoni hawakuwa mabepari wakubwa. Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario ulipoteza takriban dola milioni 100 za Canada, na mifuko mingine ya wafanyakazi ikapoteza makumi ya mamilioni. Mwalimu wa shule ya msingi huko Ontario, aliyekatwa mshahara wake kila mwezi kwa ajili ya uzee, ndiye aliyelipia helikopta za Busang. Walsh alifariki mwaka 1998 huko Bahamas, akikana kwamba alijua. Felderhof, ambaye alikuwa ameuza hisa za mamilioni ya dola, alishtakiwa kwa makosa ya biashara ya hisa, na Julai 2007 mahakama ya Ontario ikamwachia huru kwa kuona kwamba hakupatikana na hatia. Haki ya mahakama na iheshimiwe. Lakini mtu mmoja hakufungwa kwa udanganyifu huo, hata siku moja.

Kisha likafuata jambo ambalo husifiwa mno katika mikutano ya wawekezaji. Mwaka 2001 Canada ilitunga kanuni iitwayo 43-101, inayotaka kila tangazo la madini litiwe saini na mtaalamu anayestahili, na kwamba aeleze sampuli zilichukuliwaje na kuhifadhiwaje. Ni kanuni nzuri. Ila ieleweke inamlinda nani. Inamlinda mnunuzi wa hisa. Haina kifungu kinachomlinda mwanakijiji aliyehamishwa shambani kwa ajili ya mlima wa uongo, wala serikali iliyotoa leseni, wala mchimbaji mdogo aliyefukuzwa katika duara lake kwa kuwa mtu wa Vancouver amechora mraba juu ya ramani. Mabepari walijirekebishia nyumba yao baada ya kuibiana. Wenye ardhi waachwe wajirekebishie yao.

Tanzania haikupata Busang yake, na jambo hilo lisichukuliwe kuwa ni ushahidi wa uangalifu. Ilipata kitu kingine. Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba yaliyotoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilisema kila tani ina wastani wa gramu 1,400 za dhahabu. Kampuni ilisema ni kama gramu 200. Tofauti ya mara saba! Kila upande uliapa kwa maabara yake. Shauri lile lilimalizwa kwa mapatano: kampuni ya Twiga ikaundwa, Serikali ikapata asilimia 16 bila kulipia, na Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 za Marekani. Hayo ni mafanikio, na yanajulikana. Lakini mwenye kutafakari ataona kwamba ugomvi ule ulianzia mahali pabaya. Ulianzia bandarini, mwisho wa safari, wakati jiwe limekwisha kusagwa, kuchujwa na kufungwa kontenani. Mwanzo wa safari ni kwenye mtambo wa uchorongaji, ambako jiwe lingali fimbo nzima na kina chake kimeandikwa kwa kalamu ubavuni mwa sanduku. Nchi ambayo imelijua jiwe lake tangu hapo haihitaji kubishana juu ya unga.

Wazee walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika madini daftari hilo ni mwamba choronge.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliweka msingi. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo asili yake ni idara iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1925, ilipewa kazi ya kutunza kanzidata ya taifa ya madini, na wenye leseni wakaamriwa wawasilishe takwimu zao. Hata hivyo takwimu ni karatasi, na karatasi ndiyo kitu ambacho Busang ilikuwa nacho tele. Palikuwa na majedwali, ramani za rangi na vyeti vya maabara, na kila kimoja kililingana na kingine kwa sababu vyote vilitoka katika mfuko mmoja uliochezewa. Karatasi haiwezi kuikagua karatasi.

Kwa hiyo linalotakiwa ni dogo na gumu kwa pamoja. Kila fimbo ya mwamba inayotolewa katika ardhi ya Tanzania kwa leseni ya utafutaji ipasuliwe nchini, na nusu yake iwe mali ya taifa tangu saa ile inapolazwa sandukuni. Isisagwe, isisafirishwe, wala isitupwe porini kampuni inapofunga kambi. Kampuni inayodai kwamba dhahabu yake ni ya chembe kubwa na inahitaji sampuli nzima na ichoronge shimo la pili kando ya la kwanza. Serikali nayo iwe na haki ya kutoboa mashimo machache ya kuhakiki, mahali itakapopachagua yenyewe, bila kutoa notisi ya miezi mitatu kwa mtu anayekaguliwa. Freeport ilihitaji mashimo saba tu kuuangusha uongo wa mashimo mia mbili.

Watakaopinga wanajulikana. Wa kwanza atasema ni ghali. Ghali ni nini? Ghala lenye paa, rafu za chuma, msumeno, mlinzi, na kijana mwenye shahada ya jiolojia. Vyuo Vikuu vya Dar es Salaam na Dodoma vinatoa vijana hao kila mwaka, na wapo wanaouza vocha za simu huku ramani za nchi yao zikichorwa na wageni. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoundwa 1972 na kudharauliwa kwa miaka mingi, leo lina mitambo ya uchorongaji, linawachorongea wachimbaji wadogo na limepata mikataba ya kazi hiyo katika migodi mikubwa, ukiwamo wa Geita. Uwezo upo. Ni mdogo, lakini upo, nao hukua kwa kutumiwa.

Wa pili atasema habari za mashimo ni siri ya biashara. Na zifungwe basi kwa lakiri kwa muda ambao sheria itauweka. Hakuna anayetaka kumwibia mtu kazi yake. Lakini siri ni ya tafsiri. Jiwe si siri ya mtu. Halikuletwa na meli.

Wa tatu hatasema kitu, naye ndiye wa kuogopwa. Ni ofisa anayetia saini ripoti ya ukaguzi wa mashimo ishirini akiwa mezani pake, kwa kuwa gari halina mafuta, au kwa kuwa kampuni imejitolea kumletea sampuli hapo hapo mjini, na chakula cha mchana juu yake. Hakuna sheria inayoweza kumshinda mtu huyo isipokuwa macho ya wenzake. Ndiyo sababu halmashauri ya kijiji nayo ijulishwe kwa maandishi: mashimo mangapi, yako wapi, kina gani, masanduku mangapi yametoka. Mwanakijiji hahitaji kuijua breksia ili ahesabu masanduku.

Wachimbaji wadogo nao wasisahauliwe katika hesabu hii. Mara nyingi wao ndio waliotangulia kuiona dhahabu, na leseni ya mwenye mtaji ikafuata nyayo zao. Leseni nyingine hukaa miaka bila shimo hata moja, zikiwa zimeshikwa na walanguzi wanaongoja kuziuza. Mwaka 2023 Wizara ya Madini ililazimika kufuta nyingi ambazo wenyewe hawakutimiza masharti. Inapotokea kampuni imechoronga, imeona mali haitoshi mgodi mkubwa, na imeondoka, majibu ya mashimo yale na nusu za mawe yake zingemwonyesha mchimbaji mdogo mahali pa kushusha duara lake, badala ya kumwacha apapase gizani na kuzikwa na kifusi katika shimo ambalo mtu mwingine alijua tangu zamani kwamba halina kitu.

Eneo la nchi lililopimwa kwa ndege kwa kiwango cha juu cha uangalifu lilikuwa takriban asilimia 16 tu Serikali ilipokusudia kufikisha asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Maana yake ni kwamba mashimo mengi yatatobolewa katika miaka hii, na masanduku ya mawe yatatoka kwa maelfu, katika wilaya ambazo hazijapata kuuona mtambo. Maghala ya kuyapokea yajengwe kabla mitambo haijafika. Na iamuliwe mapema, kwa maandishi yasiyo na mlango wa nyuma, ufunguo wa kila ghala utakaa mfukoni mwa nani.